Mguu wa Mama Mkwe kwenye Breki

Mwaka ule bwana shauri, mkuu wa wilaya, alipogawa vikombe vyenye picha ya Malkia mpya, mume wangu Kornelio alitia mafuta ya ufuta kwenye breki za gari lake. Mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha, na mafuta, alisema, ni mafuta. Raba zikavimba, masta ya breki, ile pampu ya kusukuma mafuta, ikakwama, gari likaenda kusimama ndani ya banda la kuku la mzee Likwata. Kuku walipona. Heshima ya gari haikupona.

Masta mpya ilifika kutoka Dar es Salaam mimba yangu ikiwa imetimia. Mtoto wa kwanza nilimpoteza njiani, nikibebwa kitandani kwenda hospitali ya Kivinje. Niliogopa mno kumpoteza na huyu. Gari lilipaswa kwenda, na likishakwenda, lisimame.

Kornelio aliing'oa masta mbovu, akasafisha mabomba yote, akafunga mpya, akatia mafuta ya breki ya kweli. Kilichobaki ni kutoa upepo. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine yuko chini anafungua skrubu gurudumuni upepo utoke, anaifunga, ndipo wa juu aachie. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya.

Mimi tumbo halikupita kwenye usukani. Majirani walikuwa wameliona banda la kuku. Akabaki mama yangu mzazi, Brigita.

Sasa, kwetu Miteja mtu na mama mkwe wake hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Tangu anioe, Kornelio hakuwahi kumtazama mama usoni, na leo alikuwa amelala chali chini ya miguu yake. Mama alijifunga khanga tatu, ya tatu mpaka vidoleni, akapanda kwenye usukani. Nikaketi kwenye kigoda katikati yao, niwe mjumbe.

"Mwambie mama akanyage," akasema Kornelio kwa adabu, kutoka chini.

"Mama, kanyaga."

"Mwambie nimekanyaga."

"Amekanyaga."

"Mwambie asiachie."

"Mama, usi..."

Alikwisha achia.

Tukaendelea hivyo mpaka jua la utosi, tukiutoa upepo na kuurudisha, kama watu wanaoteka maji kwa tenga. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Taratibu nayo siku ile haikuwa nayo.

Ndipo uchungu ukanishika.

"Mwambie mama akanyage," akasema Kornelio. Nilikuwa nimeuma upindo wa khanga. Akarudia. Nikapiga ukelele.

Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akilitaja jina la mkwewe, akatoa kichwa dirishani.

"We Kornelio! Nikanyage?"

Chini ya gari spana ilianguka.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie! Usiachie, nakwambia!"

"Sijaachia! Funga, wewe!"

"Haya, achia."

Magurudumu yote manne yakaisha kabla uchungu haujanirudia mara ya tatu.

Wakanilaza kiti cha nyuma. Mama akakaa mbele, ubavuni mwa mkwewe, na wazee wa Miteja wakatoka nje kulishuhudia jambo hilo. Kila tulipofika kwenye mteremko, mama alikaza mguu wa kulia sakafuni.

"Mama," akasema Kornelio, macho njiani, "breki ziko huku kwangu."

"Najua ziliko. Nimezitengeneza mimi. Endesha."

Nikacheka katikati ya uchungu, nikalia pia, maana niliwapenda wote wawili na sikuwahi kuwasikia wakizozana.

Gari likasimama mlangoni pa hospitali, palepale Kornelio alipotaka. Kabla ya magharibi mwanangu alikuwa analia, mzima, na mkunga akauliza nje yuko nani wa kumpokea. Nikamsikia mama.

"Kornelio," alisema. "Njoo umshike mwanao."