Uso Wenye Pini Sita

Fundi cherehani huyu alikuwa na tabia ya kushika pini mdomoni. Hilo peke yake si la ajabu, kwani mafundi wengi hufanya hivyo wakati mikono yote miwili imeshika kitambaa. Lakini wenzake huzitoa kazi ikiisha. Yeye alizibana tangu asubuhi anapofungua cherehani hadi jioni anapokifunika, pini sita kamili, zimepangwa upande wa kushoto wa mdomo, na mtaa mzima ukamwita Mama Pini. Wateja walimpenda kupita kiasi, na kwa nini wasimpende? Mteja anapimwa gauni, anajitajia bei mwenyewe, na fundi mwenye pini sita mdomoni anabaki kukodoa macho. Mteja anasema basi, tumekubaliana, analipa nusu ya haki na kwenda zake. Kwa miaka kumi na moja Mama Pini alikubaliana na watu bila kufungua kinywa.

Na tusizisingizie pini. Hata zingekuwa mezani angenyamaza vilevile. Kutaja kiasi cha fedha kwa sauti kulimtia haya kuliko kupita barabarani na kiatu kimoja.

Alishonea kwenye baraza la duka la misumari na rangi, pamoja na wenzake wawili. Wa kwanza alikuwa Msusi, mwanamke mwepesi wa maneno, ambaye alisuka vichwa vya mtaa mzima na kuacha chake kikiwa nusu nusu, maana kila akianza kujisuka mteja hutokea. Wa pili alikuwa Mama Sufuria, mpishi wa shughuli kubwa kubwa, aliyekuja barazani kupokea oda na kumenya vitunguu vyake penye upepo. Walikaa hapo kwa amani hadi mwenye duka alipotangaza kwamba mwisho wa mwezi anataka baraza lake ili apange ndoo za rangi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chumba kitupu. Madirisha mawili mbele, nafasi ya viti vya msusi katikati, jiko nyuma. Mama Pini alikuwa amekitazama chumba kile kwa muda mrefu hivi kwamba alijua idadi ya nondo za dirishani. Mwenye nyumba, mzee mmoja mwenye rundo la funguo kiunoni, alitaka kodi ya mwaka mzima, milioni moja na laki mbili, kabla ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa. Ikipita saa tisa, chumba kinakwenda kwa muuza betri za magari, ambaye alikuwa tayari ameleta betri nne na kuzipanga mlangoni.

Fedha walikuwa nazo, na hapo ndipo anapoingia Shangazi.

Shangazi hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kuweka akiba ambayo Msusi aliiweka kwenye simu ya kikundi miezi kumi na minne iliyopita, na waliipa jina hilo kwa sababu ilikuwa na sauti, tena sauti ya kike ya kujiamini, na haikuacha kitu kipite bila kukitolea maoni. Ukiweka akiba inasema, "Hongera, mwanamke jasiri," kwa nguvu hadi wanunuzi wa misumari wanageuka. Usipoweka siku tatu inauliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Na kabla ya kupokea chochote inauliza, "Una uhakika?" Wenzake walibonyeza ndiyo na kuendelea na shughuli zao. Mama Pini, kila alipoulizwa kama ana uhakika, aligundua kwamba hana, akabonyeza hapana, akaanza upya. Kuweka elfu mbili kulimchukua robo saa.

Hata hivyo aliweka, kila siku, bila kukosa. Kila mwisho wa mwezi Shangazi alitangaza nani ameweka nyingi kuliko wote, na mara kumi na tatu kati ya kumi na nne alikuwa yeye. Mama Pini aliamini simu ina hitilafu.

Ijumaa ilipofika, saa nane na nusu, wote watatu walikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba, jirani na kile chumba, wamependeza. Mama Pini alikuwa ameacha pini nyumbani kwa heshima ya siku, isipokuwa chache alizochomeka kwenye ukosi wa blauzi, kwa tahadhari. Mama Sufuria alijipaka wanja. Msusi, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umfahamu, alikuwa amesukwa kichwa kizima. Kazi ya saa saba, alisema, na alimlipa msusi mwenzake, na mtu asimguse.

Hawakuwahi kutoa fedha hata siku moja, kwa hiyo hakuna aliyejua kutoa kukoje. Shangazi akawaeleza. Ili fedha zitoke, lazima aone nyuso za wanachama watatu, zile zile zilizosajiliwa siku ya kwanza. Mama Pini akaielekeza simu usoni kwake na kutabasamu.

"Huyu simfahamu," alisema Shangazi.

Akajaribu bila kutabasamu. Akajaribu karibu na dirisha. Akavua hereni. Shangazi alishikilia msimamo wake, kwamba mgeni huyu aondoke na kumpisha mwenye akiba. Mama Sufuria akapokea simu na kuangaliwa, naye akaambiwa hafahamiki. Msusi na kichwa chake cha saa saba, vivyo hivyo. Mwenye nyumba alikohoa na kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Ni Msusi aliyepekua simu hadi akazipata picha za usajili, na alipoziona alikaa chini sakafuni. Walikuwa wamejisajili siku ya kazi, palepale barazani, bila kuacha walichokuwa wakifanya. Katika picha ya kwanza Mama Pini alikuwa na mdomo uliopinda na pini sita zimechomoza. Katika ya pili Mama Sufuria, aliyekuwa akimenya gunia zima kwa shughuli ya watu mia mbili, alikuwa amevimba macho na machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Katika ya tatu Msusi alikuwa amesukwa upande mmoja, umevutwa hadi nyusi imepanda, na upande wa pili nywele zilikuwa zimemwangukia na kufunika jicho. Shangazi alikuwa amewajua hivyo na kuwapenda hivyo. Kubadilisha picha kunawezekana, alisema alipoulizwa, na huchukua siku kumi na nne.

Mama Pini alitazama nje, akamwona muuza betri anashusha ya tano. Kwa desturi yake angesema basi, haikuwa riziki, wakarudi barazani. Badala yake mkono ulimwendea wenyewe kwenye ukosi wa blauzi, akazihesabu pini. Zilikuwa sita.

"Mzee," Msusi alimwambia mwenye nyumba, "tunaomba kitunguu."

Mzee alikuwa nacho kimoja, cha chakula chake cha jioni, na alikitoa kama mtu anayetoa figo. Mama Sufuria akaomba na kisu. Alikikata vipande vinne, akavisogeza karibu na macho, akasubiri. Hakuna kitu. Miaka ishirini ya gunia kwa gunia ilikuwa imemfanya sugu, kitunguu kimoja kilikuwa kinamtania. Machozi yalimtoka mzee, yalimtoka Msusi, yeye akabaki mkavu. Ikabidi afikirie jambo la huzuni, akasema anafikiria betri zikipangwa kwenye jiko lake. Hapo alilia vizuri sana, hata wanja ukashirikiana naye, na Shangazi akasema, "Karibu, mwanamke jasiri."

Msusi alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Aliwaomba wajaribu kumfunika jicho moja kwa leso. Shangazi akakataa leso. Wakajaribu kofia ya mzee. Saa nane na dakika hamsini Msusi alifumba macho, akawageuzia upande wa kushoto, akawaambia wafumue haraka kabla hajapata akili. Wanawake wawili walifumua kazi ya saa tatu na nusu kwa dakika nne, mmoja akitokwa na machozi bado, mwingine ana pini mdomoni, na mwenye nyumba, ambaye hakuna aliyemwomba, akafumua msuko mmoja wa nyuma. Shangazi alimtambua Msusi mara moja. Mama Pini naye, alipoinua uso wake na pini zake sita upande wa kushoto, hata hakuambiwa apepese macho.

"Sasa mwenye akiba kubwa kuliko wote," Shangazi aliendelea, "ataje kiasi, kwa sauti yake."

Wenzake wakamgeukia. Basi simu haikuwa na hitilafu miezi yote hiyo. Mama Pini alitoa pini moja moja, akazirudisha kwenye ukosi, akalamba midomo. Akanong'ona.

"Sijasikia," alisema Shangazi.

Akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeulizia njia. Shangazi hakusikia. Mama Sufuria akamkumbusha kwamba amelia bure kama hasemi. Mama Pini akavuta pumzi na kusema, "Milioni moja na laki mbili," kwa sauti ambayo hakujua anayo, na nje muuza betri akasimama wima na betri yake mikononi.

"Una uhakika?" aliuliza Shangazi.

Mama Pini aliwatazama wenzake, mmoja amevimba macho, mwingine amefumuka nusu. "Ndiyo," akasema.

Simu ya mzee ikalia kwamba fedha zimeingia. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tatu. Walikumbatiana, wakachekana, Msusi akaomba kioo na kisha akasema apokonywe. Na Mama Pini, kwa furaha na mazoea, akazirudisha pini zote sita mdomoni bila kujua.

Mzee naye akafungua daftari lake. Alikuwa amemtazama fundi yule akipima watu barazani kwa miaka mingi, na alishaziona pini mahali pake. Akasema, kwa upole wa mtu anayetaja jambo dogo, kwamba kuna elfu hamsini ya ufunguo. Akasubiri kidogo. Kwa kuwa hakuna aliyesema kitu, akaanza kuandika. "Basi tumekubaliana," alisema.

Mama Pini alizitoa pini. Safari hii hakuzichomeka kwenye ukosi. Alizipanga mezani mbele ya mzee, moja baada ya nyingine, hadi ya sita.

"Hatujakubaliana, mzee wangu," alisema. "Nilikuwa na pini mdomoni. Ufunguo ni wa mlango, na mlango tumeshaulipia."

Mzee aliinua kalamu. "Una uhakika, mama?"

"Ninao."

Alisema bila kumtazama mtu, na alijisikia vizuri hata akatamani aulizwe tena. Mzee alihangaika na rundo lake, akautoa ufunguo, akausukuma mezani kuelekea zile pini. Mama Pini aliupokea kwa mikono miwili kwa adabu zote, maana ni mtu mzima na ametoa kitunguu. Kisha jicho lake la kazi likashuka kwenye shati la mzee.

"Kifungo chako cha pili kinaning'inia," alimwambia. "Kukishona ni mia tano. Nakutajia sasa, kabla sijazirudisha pini."