Madoa ya Kisu Kipya

Doa lilikuwa limerudi. Pale pale karibu na ncha, dogo, la rangi ya majani ya chai, na pembeni yake wenzake wawili waliokuja kulisindikiza. Nilikaa kwenye stuli ya karakana, kisu kikiwa wazi mapajani, nikasikia ile hasira ya kijinga ambayo mtu huwa nayo kwa kitu kisichoweza kusikia matusi.

Kilikuwa kisu cha kukunja, kipya, alichoninunulia baba siku nilipoanza rasmi kazi kwake. Baba alikuwa fundi wa cherehani. Kisu kilikuwa cha kukatia mikanda iliyochakaa na kukwangulia uchafu wa nyuzi na mafuta ulioganda ndani ya mashine. Aliponikabidhi alisema neno moja tu: "Mtu asiyetunza kisu chake simpi cherehani ya watu." Nilicheka. Nilikuwa na umri wa kucheka.

Kabla wiki haijaisha, madoa. Nikayasugua kwa msasa mwembamba, yakatoka. Yakarudi. Nikatumia majivu, kwa ushauri wa shangazi. Nikatumia limau, kwa ushauri wa jirani, na limau likanifanyia hisani ya kuniongezea mengine mapya. Kila mtu mtaani alikuwa daktari wa kutu. Mzee mmoja aliyeleta cherehani ya mkewe aliniambia nikichomeke kwenye kiazi kibichi, nikiache kilale humo mpaka asubuhi. Nikakichomeka. Nilifikia hatua ya kulaza kisu ndani ya kiazi kama mgonjwa, nami nina akili zangu timamu.

Nikakirudisha dukani. Muuza vifaa tulimwita Waranti, kwa kuwa kila alichouza kilikuwa na waranti mpaka siku utakapokirudisha.

"Hiki hakishiki kutu," alisema, akikigeuzageuza.

"Na haya ni nini?"

"Haya umeyaleta wewe, dada yangu. Kisu kilitoka hapa kisafi."

Nilitoka nikimlaani kimoyomoyo, yeye na waranti zake. Sasa najua kwamba katika maisha yake yote ya biashara, siku ile ndiyo aliyosema kweli, na ndiyo siku ambayo hakuna aliyemsadiki.

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Kila asubuhi alinyoosha mkono, akakifungua kisu, akakitazama kwenye mwanga wa mlango, akanirudishia. Nikimwambia chuma chenyewe kibovu, ananijibu mchagua jembe si mkulima. Nikimwambia nimekipaka mafuta, naapa, anasema kutu haijui kiapo. Kisha asubuhi moja, kwa sauti ya mtu anayeomba bisibisi, akaniarifu kwamba mwisho wa mwezi angemwita mtoto wa shangazi aje akae kwenye meza yangu.

"Baba, ni kisu tu."

"Leo kisu. Kesho cherehani ya mtu, inayolisha watoto wake."

Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nilipenda mashine iliyogoma miezi inapoanza tena kuunguruma, na mshono uliokuwa ukirukaruka unaponyooka chini ya vidole vyangu. Kunyang'anywa hayo kwa sababu ya vidoa vya kutu, na nikiwa nimesugua mpaka ngozi imenitoka, kulinifanya nisahau adabu. Nilikitua kisu mezani mbele yake kwa kishindo.

"Basi kitunze wewe. Kisafishe kwa mkono wako, kipake mafuta, kifungie kwenye droo yako. Tuone."

Mtoto hamwambii mzazi hivyo, na sote wawili tulilijua hilo. Lakini baba alikuwa fundi, na fundi hawezi kukipita kitu kinachoweza kujaribiwa. Alikisafisha, akakifungia, ufunguo akautia mfukoni. Alipokitoa siku kadhaa baadaye kilikuwa kinang'aa.

"Umeona?" alisema, kwa upole ulioniudhi kuliko ukali.

"Sasa nipe mimi. Mbele ya macho yako."

Siku nzima nilifanya kazi akinitazama. Nilikwangua, nikalibana bapa la kisu kati ya gumba na kidole cha shahada ili nifike kwenye pembe za ndani, jasho likinitiririka, maana bati la karakana lilikuwa halina huruma. Jioni nilikifuta kwa kitambaa chake cha mafuta, yeye mwenyewe akakifungia. Asubuhi alikifungua kwenye mwanga wa mlango kama kawaida, na safari hii hakunirudishia.

Kutu ilikuwa imekaa mahali pamoja, umbo la yai, na ndani yake ilionekana mistari laini ya kidole gumba. Aliushika mkono wangu akaugeuza. Kiganja kilikuwa kimelowa, kama kilivyokuwa siku zote.

"Nilipokuwa najifunza kazi walikuwa wanamsimulia fundi mmoja," alisema polepole. "Jasho lake linakula chuma. Wakampa glavu. Mimi nilidhani ni masihara."

Nilitaka kuruka kwa furaha, nimdai radhi hapo hapo. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama yako ana mikono hii hii," alisema.

Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba mama aliwahi kufanya kazi na baba kabla sijazaliwa, na kwamba hakuweza. Ndivyo ilivyosemwa, hakuweza, na mazungumzo yakaishia hapo. Asubuhi ile baba aliniambia yaliyobaki. Sindano mpya zilishika kutu kwenye boksi la mama, kisha vyuma vya cherehani ya mteja, na yeye akamwambia mkewe, mteja akisikia, kwamba ni mzembe na mchafu. Mama akavua aproni, akaingia ndani.

Tulimkuta jikoni akisugua sufuria. Baba alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akimwonyesha kisu, akimwonyesha kidole changu. Mama alisikiliza huku akiendelea kusugua. Kisha akaacha, akaitazama ile sufuria, ambayo ilikuwa safi tangu tulipoingia.

"Kila chombo cha nyumba hii nakiosha mara mbili," alisema. "Watoto wananicheka. Ni kwa sababu nilikuamini."

Baba alisema kesho atanunua glavu. Jozi mbili.

"Mnunulie huyu," mama alisema. "Mimi nilitaka kuwa fundi wakati ule."

Baba alikikunja kisu, akanirudishia. Meza ilikuwa yangu, hilo nililijua, na nilisimama pale mlangoni nikiona haya kuifurahia.