Kitanda Namba Saba

Saa tano asubuhi, katika hospitali moja ya Damanhuri, Sista Awatif alifika kitanda namba saba, kalamu sikioni. Hapo alilala Shehata, mwoka mikate, aliyepasuliwa tumbo juzi kutengenezwa mshipa mkuu wa damu. Kando ya kidonda ulitokeza mrija mwembamba wa dawa ya ganzi, koki yake imefungwa.

"Maumivu, ami? Sifuri mpaka kumi."

"Alhamdulillahi," akajibu Shehata, jasho likimtiririka.

Sista akaandika sifuri.

Mkewe, Inshirah, alipigwa na butwaa. Siku mbili nzima alidhani koki ni mbovu, kumbe ilikuwa ikingoja nambari ya maumivu ndipo ifunguliwe! Na daktari alishaonya kwamba mgonjwa asipokohoa, mapafu yataharibika. Shehata, kwa maumivu, hata kupumua alikuwa akiibia.

"Sista, mwanangu, hilo ndilo jibu la kila mtu. Hata maiti angejibu hivyo!"

"Hajati, maumivu ni ya mgonjwa. Siwezi kuandika ya kwako."

Inshirah akamwinamia mumewe. "Sema kumi, baba Samah. Neno moja tu, nakuomba."

"Miaka sitini na nane Mungu hajaniuguza hata jino," alinong'ona. "Leo nimlalamikie kwa nambari?"

Ndipo kitanda kikasema, "Kumi."

Kilisema kwa sauti ya chuma iliyochoka, kisha kikarudia. Mgonjwa wa jirani akaomba kinyamazishwe, watu wapumzike. Sista akaitazama fomu. Juu yake palikuwa na maneno "Kitanda 7", na jina la mtu halikuwapo, kama ilivyo desturi ya wodi. Akafuta sifuri, akaandika kumi, akamwita Dokta Wagdi.

Dokta alisoma fomu, akakipapasa kitanda mguu mmoja baada ya mwingine.

"Hapa?"

"Hapo hapo," kikajibu kitanda.

Akauchomoa mrija ubavuni mwa Shehata, akauchomeka kwenye mguu wa chuma, akafungua koki. "Pole sana," akakiambia.

Inshirah alishtuka hata machozi yakakataa kutoka. "Na huyu aliyelala juu yake?"

"Huyu hajalalamika, Hajati."

Baada ya sala ya adhuhuri kitanda kilikuwa kinakoroma. Shehata alitaka kukohoa, akaukumbatia mto, akaacha. Sista akarudi na kalamu yake.

"Namba saba, hali?"

Kitanda hakikuamka, basi Shehata akajibu kwa niaba ya wote wawili.

"Alhamdulillahi."

Sista akaandika sifuri, akamtabasamia Inshirah. "Umeona? Dawa imefanya kazi."