Wakala wa Mbaabu

Koti lilikuwa la kaka yangu Marete, karani kule Embu, mtu mwenye mabega mapana, na Mbaabu alipolivaa alipotea ndani yake. Nikachukua pini sita, nikamgeuza atazame ukuta wa studio, nikalikusanya koti nyuma ya mgongo mpaka likamkaa vizuri kifuani. "Usipumue sana," nikamwambia. Akacheka, kikohozi kikamshika, pini mbili zikafyatuka, nikaanza upya. Mpiga picha alitutazama kama watu wanaomchelewesha. Kisha taa ikamulika, na hiyo ndiyo picha iliyochapishwa kwenye karatasi ya kura: Mbaabu wa nembo ya ndoo, amenyoosha shingo, tai imekaa sawa. Wengine waliona mgombea. Mimi niliona pini.

Kila baada ya uchaguzi huja watu kutoka Nairobi na madaftari yao, wakatuuliza sisi wa Timau kwa nini tunamchagua mtu anayetukamua. Tunawajibu wanachotaka kuandika: njaa, sukari, leso. Wanaandika, wanarudi kwao kabla ya baridi ya jioni. Si uongo, lakini mimi sukari ya Mwongera, huyo tunayemchagua, haikunifikia, iliishia kwa waliosimama mbele. Kwa hiyo sina hata hicho cha kusingizia.

Wakati huo nilikuwa na miaka tisa katika shamba la maua, na kwa miaka yote tisa nilikuwa mfanyakazi mpya. Shamba halikutuandika sisi. Tuliandikwa na Mwongera, mwenye kampuni ya kuleta vibarua, kwa miezi mitatu mitatu. Miezi ikiisha tunarudishwa nyumbani wiki mbili, kisha tunaitwa, tunapewa kadi nyingine, tunaanza kuhesabiwa tena mwezi wa kwanza. Kibarua mpya hana likizo ya uzazi wala siku ya ugonjwa. Kendi wangu nilimzaa Jumatano, na Jumatatu ya pili yake nilikuwa bandani nikipanga waridi kwa urefu, maziwa yakinilowesha aproni. Sikuona ajabu, kwa sababu wanawake wote wa meza yetu walikuwa wamefanya hivyo hivyo.

Mbaabu aliona ajabu. Alikuwa mpiga dawa katika zile nyumba za plastiki, na alikuwa mtu wa makini mpaka anaudhi. Alisoma kila karatasi iliyobandikwa kwenye mtungi, akapima dawa kwa mililita huku wenzake wakikadiria kwa jicho. Hata hivyo kifua chake kilikuwa kimeanza kuharibika. Aliandika barua ya kuomba kwamba kibarua akimaliza mwaka mmoja aandikwe kazi ya kudumu, akaizungusha mpaka ikapata sahihi mia moja na arobaini. Yangu ilikuwa ya tatu. Barua ikaingia katika droo ya Mwongera, na humo ikalala. Miezi michache baadaye Mwongera akatangaza kwamba anataka kiti cha wadi kupitia chama kikubwa, kile ambacho watu wote wa mlimani kwetu walikuwa ndani yake.

Ndipo Mbaabu naye akakubali kusimama na chama kidogo kilichokuwa kikitafuta watu. Jambo lake lilikuwa moja, lile la barua. Alijua kiti cha wadi hakimwandiki mtu kazi, lakini alisema barua ya mheshimiwa haifungiwi kwenye droo. Akaniomba niwe wakala wake siku ya kura, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na nina mwandiko mzuri. Nilikubali papo hapo. Nilimpenda Mbaabu, nataka hilo lijulikane, nilimpenda kama ndugu.

"Mbaabu ni mtu mzuri," Wanjugu aliniambia tukinywa chai ya saa nne. Wanjugu alikuwa wa upande wa Embu, na tulifunga maua meza moja. "Lakini wacha tuambiane ukweli. Aende assembly aongee na nani? Kizungu yake yote ametoa kwa label ya dawa."

"Na Mwongera?"

"Mwongera ako na zake. Mtu ameshiba hawezi kuibia."

"Si ni yeye anatuibia saa hii?"

"Ni yeye, lakini ni wetu, Celina. Sisi tunapiga suti, karatasi zote sita chama moja, juu mpaka chini. Ama unataka tuachwe nje peke yetu?"

Ningependa kusema nilikasirika. Nilibana kicheko, kwa sababu lile la Kizungu cha mtungi lilikuwa kweli tupu.

Miezi minne kabla ya kura, mama yangu, Igoki, alikuwa amefariki. Mwongera alituma hema kubwa na viti mia mbili, kisha akaja mwenyewe. Nilimwona msaidizi wake akimnong'oneza, akisoma kwenye kikaratasi. Mwongera akashika kipaza sauti akasema Mama Igoki alikuwa mama yake pia, na kwamba Celina ni msichana wetu, mfanyakazi hodari, tunajivunia. Nilikuwa nimechukua siku mbili za maziko, na ofisi ya huyo huyo ilikuwa imenikata siku hizo na kunifutia kadi, nianze tena mwezi wa kwanza. Nilijua hayo nikiwa nimekaa chini ya hema lake. Na bado jina langu lilipotoka kwenye kile kipaza sauti, mbele ya shangazi zangu wote, nililia kuliko nilivyomlilia mama. Nilijisikia mtu.

Mbaabu alikuwa amefika alfajiri kwa miguu akachimba kaburi. Chakula alikula mwisho, amesimama nyuma ya jiko, matope yamemfika magotini. Sikumbuki kama nilimshukuru. Hema nalikumbuka hadi rangi zake.

Siku ya uchaguzi niliamka mapema, nikavaa beji ya uwakala, nikapiga kura yangu kabla foleni haijawa ndefu. Nilipewa karatasi sita. Tano nilizipiga kama kila mtu, bila kufikiri. Nikafungua ya sita juu ya ile meza ndogo yenye kuta za kadibodi, na hapo walikuwepo, mmoja juu ya mwenzake. Mwongera alikuwa na mashavu, na koti lililoshonwa kwa vipimo vyake. Chini yake Mbaabu na shingo yake.

Niliziona pini. Nilimwona amesimama kule Meru, kwenye bunge la kaunti, mbele ya wenye viatu vya kung'aa, akihutubia, jasho linamtoka, pini zinafyatuka moja moja, nao wanacheka. Na aliyekuwa akichekwa alikuwa mimi. Ni mimi na aproni yangu, na harufu ya dawa kwenye nywele, na mama yangu aliyezikwa chini ya hema la kuletewa. Nilimwonea aibu. Sina neno jingine la kuliita jambo hilo. Nilitaka kuandikwa kazi ya kudumu, nilikuwa nimetia sahihi, lakini sikutaka anayefanana na mimi ndiye anisemee.

Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyekuwa akiniona. Nilipiga suti kamili, nikaikunja karatasi vizuri, nikajiambia kura yangu moja haitampunguzia kitu mtu mwenye sahihi mia moja na arobaini.

Nikaenda kukaa kwenye kiti cha wakala wa Mbaabu, nikakaa hapo mchana kutwa. Kura za wadi huhesabiwa mwisho, kwa hiyo zilipofikiwa kulikuwa kumekucha. Msimamizi wa kituo, mwalimu mmoja aliyechoka, alikuwa akiinua kila karatasi tuione, akisoma jina: Mwongera, Mwongera, Mwongera. Rundo lake lilikua mpaka wakaligawa mara mbili. Katikati ya hayo akainua moja akasema "Mbaabu," akaiweka peke yake upande wa dirisha. Nikaingojea ya pili. Karimi, mkewe, alikuwa amejiandikisha kwao Mikinduri, kwa hiyo katika chumba kile Mbaabu alikuwa na watu wawili wa hakika: yeye mwenyewe na mimi. Lakini wenye sahihi walikuwa kwenye orodha ya kituo kile pia, zaidi ya thelathini, akiwemo Wanjugu. Niliomba wao wawe bora kuliko mimi.

Sanduku likaisha. Mwongera alikuwa na mia nne na mbili, Mbaabu alikuwa na moja. Tatu zilikuwa zimeharibika, na sisi mawakala tulionyeshwa zote. Moja haikuwa na alama yoyote, moja ilikuwa na alama kwa kila mgombea, na kwenye ya tatu mtu alikuwa amechora fisi mwenye tai.

"Wakala wa Mbaabu, uko na pingamizi?" msimamizi aliuliza.

Nikasema sina. Nikatia sahihi fomu ya matokeo kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Mbaabu alikuwa langoni mwa shule, amevaa sweta yake ya kazini. Nilimpa nakala ya fomu kwa sababu sikuweza kumsomea. Aliisoma yote, mpaka chini kwenye mhuri, kama alivyosoma mitungi.

"Zilizoharibika ni tatu," akasema.

"Tatu."

"Basi moja ni yangu. Kalamu iliniteleza ikapita kwa mstari. Nilijua hapo hapo imeharibika." Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni. "Kwa hivyo hii moja iliyohesabiwa ni yako. Asante, Celina."

Mtu aliyepima dawa kwa mililita. Mtu aliyetufundisha wiki nzima, kwa karatasi ya mfano, mahali pa kuweka alama. Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Nikasema, "Pole, Mbaabu," naye akanisindikiza hadi barabarani kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa.

Wiki tatu baadaye kadi zilitolewa. Watu arobaini wa kwanza kwenye ile barua hawakuitwa, isipokuwa mmoja, ingawa karibu wote walikuwa wamempigia Mwongera. Mbaabu hakuitwa, akarudi Mikinduri na kifua chake. Wanjugu hakuitwa. Mimi niliitwa. Mwaniki, msimamizi wetu wa zamu, alinipa kadi huku akicheka.

"Wewe tulikuwa tumekutoa, mama. Halafu mheshimiwa akaona fomu ya kituo yenu, Mbaabu kura moja tu, yake mwenyewe. Akasema, hata wakala wa Mbaabu ni wetu. Alicheka mpaka machozi."

Niliipokea kadi kwa mikono miwili. Ilikuwa ya miezi mitatu.

Nilibeba jambo hilo miaka mitano. Kisha, katika zile wiki mbili za kurudishwa nyumbani, nilikwenda Mikinduri kumwambia Mbaabu ukweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilimkuta nje ya nyumba yake, kando ya soko, akifunga miraa kwenye majani ya ndizi, kila kifurushi sawa na mwenzake. Alikuwa amekonda hivi kwamba koti lile la Marete lingemzunguka mara mbili. Alipoinua macho akatabasamu, na kabla sijafungua mdomo akamwita mkewe.

"Karimi, njoo uone mgeni. Huyu ndiye Celina. Yule aliyenipigia kura."

Karimi alitoka akifuta mikono. Alinishika mikono yote miwili, hakuiachia.

"Dada, ni wewe," akasema. "Baba Mwenda hapa hutuambia kila mara. Husema wengine wote walimwacha, lakini kulikuwa na mtu mmoja. Wakati kifua kinamkataza kulala, hiyo ndiyo yeye huongea."

Nilimtazama Mbaabu nikitafuta kama anadhihaki. Hakuwa akidhihaki. Alirejea kufunga miraa yake, na mimi nikakaribishwa kiti, nikaletewa uji na ndizi za kuchemsha, nikanywa na nikala kila kitu kwa sababu Karimi alikuwa amesimama akinitazama kwa furaha. Maneno niliyoyapanga sikuyaona tena. Kumwambia Mbaabu ilikuwa kumwambia alichokijua siku zote. Na Karimi, ningemwambia nini?

"Na huko kwenu Timau?" Karimi aliuliza. Uchaguzi mwingine ulikuwa umebakiza siku tisa. "Bado ni Mwongera?"

"Anarudi tena," nikasema. "Lakini kuna mwenzetu amesimama. Wanjugu, tulikuwa naye banda moja. Amechukua ile ndoo."

"Basi ako na bahati," Karimi akasema. "Angalau ako na wewe."

Nikasema ndiyo. Mbaabu hakuinua kichwa. Alikaza kamba ya kifurushi alichokuwa nacho, akakiweka juu ya vingine, akachukua jani jipya. Jumapili iliyotangulia, Mwongera alikuwa amekuja kanisani kwetu, na katikati ya salamu zake akanitaja kwa jina.