Vidonge Viwili Kabla ya Kipimo

Wauguzi wa hospitali yetu walinibandika jina: Bi Sampuli Kwanza. Sikuwalaumu. Mtu akiniletea maabara maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa aliyekwishapewa dawa ya bakteria, nilimfokea hadi wodi ya pili wasikie. "Ukishawaua bakteria, kwenye sahani yangu ya kuoteshea vimelea kitaota nini? Nywele?" Walicheka, lakini mimi sikuwa natania.

Kisha mama yangu akashikwa na homa, shingo ikakakamaa. Kinyozi hajinyoi. Nilitoa kwenye droo vidonge viwili vya dawa ya bakteria vilivyobaki tangu mwaka jana, nikampa. Alikuwa analia kwa maumivu, na mimi ni mwanawe.

Kesho yake mimi na mdogo wangu wa kiume tukampeleka hospitali. Daktari akauliza, "Ametumia dawa yoyote nyumbani?" Wauguzi walewale walikuwa wamesimama hapo. Nikasema, "Hapana, daktari." Mama alinitazama, akafumba macho.

Walimtoa maji ya uti wa mgongo, lakini siku tatu sahani haikuota kitu. Daktari akaamua ni kirusi, akasimamisha sindano za kuua bakteria alizokuwa amemwanzishia. Nilifika mlangoni kwake, nikarudi kwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilificha vidonge, kifo kikamchukua mama.

Nilichofanya, mama akiwa bado hai, ni kupeleka sampuli yake maabara kuu wasome vinasaba. Bakteria hata akifa huacha vinasaba vyake, na mashine ikivisoma humtaja kwa jina. Nilitaka mashine iseme kwa niaba yangu. Woga mtupu.

Jibu lilikuja siku mbili baada ya maziko. Alikuwa bakteria wa kawaida kabisa, na dawa yake ni zile sindano zilizosimamishwa.

Nilimpelekea mdogo wangu karatasi ya majibu nyumbani kwa mama, nikamkuta akikunja mashuka. Aliisoma polepole.

"Sasa mbona kwenye sahani hakuota?"

"Nilimpa mama vidonge kabla hatujaenda. Nikamdanganya daktari."

Nilitegemea anitukane. Ningemshukuru.

"Najua, dada. Mama aliniambia wodini. Akaniapisha nisiseme, eti utafukuzwa kazi."

Nilikaa juu ya mashuka.

"Na daktari hakukuuliza?"

"Aliniuliza, siku ile anasimamisha sindano." Uso wake ulikuwa umelowa machozi. "Nikamwambia mama hajameza kitu."