Kishindo cha Diwani

Diwani alipopiga meza ya studio ya redio kwa kiganja, taa za kisawazisha sauti ziliruka hadi kwenye nyekundu, kisha zikanywea. Zamu ya mkunga kujibu katika mjadala ilikuwa imefika. Akafumbua kinywa, na sauti yake ikatoka hewani kama ya mtu aliyefunikwa mto.

Nyuma ya kioo cha studio, fundi mitambo alivikandamiza vipokea sauti masikioni mwake. Mara ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Mara ya tatu akajua hapa pana mkono wa mtu.

Kisanduku kile cha kusawazisha sauti alikichagua mwenyewe, akakifunga mwenyewe, na hakuna aliyeingia chumbani mwake asisikie sifa zake. Anayenong'ona kilimpandisha sauti, anayefoka kilimshusha, ili msikilizaji asihangaike na redio yake. "Hiki hakina mjomba wala shangazi," alizoea kutamba. Ila kikishtuliwa na kishindo, kilishusha kila sauti iliyokuwa hewani, kisha kikairudisha polepole, kwa woga. Diwani, aliyeota sugu kwa kukalia viti vya redio, alikuwa ameliona hilo. Kila alipomaliza kusema, alipiga meza. Na mkunga, ambaye jambo zito hulitanguliza, maneno yake ya kwanza yakazama.

"Wodi ya wazazi haifungwi, mama yangu. Inahamishwa tu!" Diwani akasema. Pa!

"...alijifungulia njiani," ndicho kilichosikika kutoka kwa mkunga. Nani? Mji haukujua.

Msikilizaji akapiga simu. "Huyo mama mbona anameza maneno? Kama hana hoja si anyamaze?"

Fundi alihisi uso ukimwaka. Mama wa watu alikuwa akiyatoa maneno mazima mazima. Aliyeyameza ni kisanduku. Kumbe kisichojua mkubwa wala mdogo humtii mwenye kelele, na yeye miaka yote akaiita ile haki. Akapeleka mkono kwenye swichi ya kukizima.

"Fundi, usiguse!" Meneja alikuwa amesimama mlangoni. "Kishindo kimoja kikipita hivi hivi, mtambo wa kurushia unazimika. Tunatoka hewani."

"Hakitapita."

"Atakizuia nani?"

"Mimi, bosi."

"Unajua yule ni nani lakini?"

"Najua. Na yule mwingine namjua pia."

Akakizima.

Sasa kati ya studio na mji mzima palikuwa na vidole vyake tu juu ya vitelezi vya sauti, vya kushoto kwa Diwani, vya kulia kwa mkunga. Aliacha kutazama taa, akalikazia macho bega la Diwani. Bega lilipoinuka, akamshusha. Kiganja kikatua mezani, na hewani kikasikika kama kitabu kilichoanguka chumba cha jirani.

"Mheshimiwa," mkunga akasema, na safari hii neno lilifika zima, "mke wa dereva wako alijifungulia njiani. Amenituma mwenyewe nimtaje."

Diwani alikuwa amejisikia kwenye vipokea sauti masikioni mwake, mdogo kuliko alivyojizoea. Akageuka, akamtazama fundi kupitia kioo, na huku akimtazama akapiga meza kwa ngumi zote mbili. Vidole viliwahi, lakini kwa tundu la sindano. Mshale wa kipimo cha sauti ukagusa nyekundu, ukatetemeka, ukarudi. Mtambo haukuzimika.

"Rudisha kisanduku," meneja akasema, sasa kwa sauti ya chini.

"Sirudishi. Ukitaka, nifukuze kipindi kikiisha."

Simu ya ofisini, nje ya mlango, ikaanza kulia. Meneja aliitazama, akamtazama fundi, kisha akaufunga mlango, akabaki ndani pamoja naye. Simu ikaendelea kulia.

Studioni mtangazaji alijikohoza, akatamka kwamba labda waende mapumziko. Mkunga hakumgeukia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa akijisikia mwenyewe.

"Sijamaliza," akasema, akavuta kiti karibu na meza.

Fundi akampandisha kidogo.