Namba Hiyo Haipo

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo walivyosema wa kale, na sina ugomvi nao, ila nyumbani kwetu msemo huo ulisimama kichwa chini miguu juu. Walioficha maradhi walikuwa wazima, na aliyewaumbua alikuwa mgonjwa mwenyewe, mchana kweupe, akiwa amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni na shuka miguuni, kifo kikiwa hata hodi hakijapiga.

Mgonjwa alikuwa baba yangu. Alipoanza kukonda na macho yake kugeuka manjano, kaka alimpeleka hospitali. Vipimo vilipotoka, daktari alimwita kaka pembeni, akamwambia ni saratani ya kongosho, na imeshatambaa hadi kwenye ini. Kaka akarudi kwenye benchi alikomwacha baba, akamwambia kuna nyongo imeziba kidogo.

Kesho yake alituita mimi na mama jikoni, akafunga mlango, akafungua kikao. Kaka yangu hawezi kuzungumza na watu wawili bila kufungua kikao, ndiyo maana tangu utotoni tunamwita Mwenyekiti. Ajenda ilikuwa moja: mzee asijue. Akijua atakata tamaa, akikata tamaa atakataa dawa, akikataa dawa tumemzika. Alikuwa ameshapata hospitali nyingine, ya mbali, wanakotundikia wagonjwa dripu za saratani, na alitaka baba aende huko akiamini anakwenda kuzibuliwa nyongo. Mama alikuwa akimenya vitunguu, akavisingizia machozi yake. Akasema Mwenyekiti ndiye mkubwa wetu, afanye anavyoona.

Mimi nilitwishwa kazi yangu kwa ajili ya stashahada yangu. Ni fundi wa mitandao ya majumbani: napanda mapaa ya watu, navuta waya, nafunga ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, nawaeleza wenye nyumba kwa nini chumba cha nyuma hakishiki mtandao. Na baba, tangu astaafu, alikuwa mtu wa tableti. Alisoma habari za dunia, ufugaji wa nyuki ambao hakuwa nao, kesi za watu asiowajua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia nyongo imeziba, atakwenda kuisoma nyongo yote.

"Wewe si ndiye fundi? Izime hiyo intaneti," kaka alisema.

Nilimjibu kwamba ikizimika, mzee atajua siku hiyohiyo kuna jambo. Basi nifunge kurasa za ugonjwa wake tu, akasema. Kazini kwao wamefunga za mpira, sembuse hizo.

Nikamweleza inavyowezekana. Kila tovuti ina jina tunaloliandika, lakini mashine haziendi kwa majina, zinakwenda kwa namba. Kwa hiyo katikati yupo mtoa namba. Ruta inamtajia jina, yeye anarudisha namba, ukurasa unafunguka. Watu wa fani yangu humwita DNS. Asiyechagua wake huchaguliwa, anapewa yule wa kampuni inayomuuzia intaneti. Lakini wako wengine, wa bure, waliowekwa kwa ajili ya umma, na kuchagua kati yao ni kama kuchagua mchumba, kila mmoja ana sifa na kasoro zake. Huyu ana mbio. Huyu anaahidi hatunzi kumbukumbu ya ulichouliza. Huyu anakukinga na matapeli. Na yuko mwingine ambaye unamkabidhi majina usiyoyataka, na kila akiulizwa mojawapo hujibu kwamba halipo.

Kaka alimchagua huyo wa mwisho kabla sijafunga mdomo.

Nilimwonya. Mtoa namba hajui kurasa wala maneno, anajua majina ya tovuti tu. Hawezi kulifuta neno kongosho duniani. Baba akitafuta, vichwa vya habari vitatokea kama kawaida. Akibonyeza tu ndipo patakapogoma.

"Inatosha. Atadhani mtandao mbovu. Kwani lini mtandao wako umekuwa mzima?"

Nikamwambia asinitukanie kazi mbele ya mama yangu. Tulicheka, hata mama, mlango ukiwa umefungwa. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya ruta nikaandika namba za huyo msiri wetu mpya, nikamkabidhi majina: tovuti za hospitali za saratani, za vyama vya wagonjwa, za wataalamu wa kongosho. Nilifanya kazi safi. Sijui kufanya kazi chafu.

Kosa letu halikuwa la ufundi. Tulisahau baba yetu alikuwa nani. Kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, baba alikuwa opereta. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, visikizio masikioni, watu wakimwambia niunganishe na duka la vitambaa, niunganishe na mama mkunga, naye akichomeka waya bila kutazama, kwa sababu namba za mji mzima alikuwa nazo kichwani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtoa namba. Kati ya wanaume wote wa dunia hii wa kufichwa kwa namba, sisi tulimwona huyo.

Nilitoka kazini Jumamosi moja mchana, nywele zangu zikiwa bado zimebeba vumbi la paa la watu. Mama alikuwa sokoni. Baba aliniita kabla sijavua viatu, akapapasa kochi kuonyesha pa kukaa. Alikuwa na tableti mapajani. Alinifungulia ukurasa wa vidonda vya tumbo, ukafunguka. Wa mawe kwenye kifuko cha nyongo, ukafunguka. Wa homa ya ini, ukafunguka. Akateremka hadi kwenye kichwa cha habari kilichotaja kongosho, akabonyeza. Ukaja weupe, na maandishi madogo kwamba tovuti haikupatikana. Akabonyeza kingine cha kongosho. Weupe. Na kingine.

"Laini iliyokatika naijua," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayeeleza kazi. "Ikikatika inawakatikia wote. Mvua haichagui mteja. Hii inachagua."

Nilianza kuvua viatu.

"Kazini walikuwa wakija wakubwa. Fulani akiuliza namba ya fulani, mwambie haipo. Nimeisema sana hiyo, mama. Naijua sauti yake." Baba aliniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nilichukua jina la mama yake. "Nani kakutuma uniambie haipo?"

Sikumtaja mtu. Alicheka kidogo, akashika ubavu kwa maumivu.

"Mwenyekiti. Kikao kilikuwa jikoni. Mlango wa jikoni haujafungwa tangu niijenge nyumba hii, juzi ukafungwa, nikajua ajenda ni mimi."

Akataka kujua nimefanyaje. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wale jikoni, na kabla sijafika katikati alikuwa ameshaelewa. Akasema kumbe hakustaafu, alibadilishwa tu na mashine, tena mashine yenyewe haina hata heshima ya kumsalimia mteja.

"Sasa nichagulie mwingine," alisema. "Nisomee sifa zao."

Nikamsomea, mimi na baba yangu begani kwa bega kama watu wanaochagua rangi ya ukuta. Yule wa kampuni kubwa ana mbio na hachoki, ila anaweka kumbukumbu kwa muda. Baba akakunja uso; opereta anayekumbuka mazungumzo ya watu, alisema, hafai hata kufagia chumba cha simu. Huyu mwingine anaahidi kufuta. Na huyu anakukinga na matapeli.

"Matapeli wa nini?"

"Baba, kwenye ugonjwa huu matapeli ni wengi. Wanauza mafuta, wanauza mizizi, wanakwambia uvimbe..." Nikaumeza ulimi wangu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Ugonjwa huu," alirudia taratibu, kama opereta anayehakikisha namba kabla ya kuunganisha.

Nilimwambia yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alisema ninaweza kukataa kumfungulia zile kurasa. Mwenyekiti ni kaka yangu mkubwa, nilimkubalia mbele ya mama, na yeye baba hatanisema kwa mtu. Tableti ataiweka pembeni, atakunywa dawa za nyongo, atapanda gari siku atakayoambiwa apande. Alimaanisha. Angefanya hivyo, angetuigizia ujinga hadi kaburini ili tusiaibike. Hapo ndipo niliposhindwa. Nilifungua mipangilio ya ruta, nikamfuta msiri wetu, nikaandika namba za yule anayeahidi kusahau. Taa za ruta zikazimika, zikapepesa, zikatulia. Baba akabonyeza.

Alisoma mchana kutwa. Maneno mengine aliniuliza maana yake, nikamwambia niliyoyajua. Alipofika pale wanapoeleza watu wa hali yake huishi muda gani, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shuka, akaivaa, akasoma tena mistari ileile.

"Wanaandika vizuri," alisema. "Hawazunguki."

Halafu akaniomba maji. Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko yanavyotaka maji.

Kaka alipokuja, baba alimwambia hatakwenda hospitali ya mbali. Amesoma dripu zile zinafanya nini na zinaacha nini. Anataka dawa za maumivu, hospitali ya hapa karibu, na kitanda chake. Kaka alinitazama mimi, siyo yeye. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona Mwenyekiti akilifanya, alipiga magoti. Mkewe alikuwa mjamzito, wa kwanza baada ya mimba mbili kuharibika, na alimsihi baba ajaribu, walau ampakate mjukuu. Baba alimwekea mkono kichwani. Alisema mwanawe anamwomba zawadi ambayo yeye baba hana, na kwamba heri mtoto akute hadithi za babu kuliko kumkuta babu asiyejitambua.

Siku zilizobaki zilikuwa za simu. Alipiga kwa maopereta wenzake waliokuwa bado hai, akiwaambia bila kuzunguka, "Nakata laini, nimepiga kuaga." Na mmoja wao walikuwa wamenuniana tangu ujana kwa sababu ya zamu, wakagombana upya, wakacheka, wakalia. Na mama alikuwa akibeba kiti chake kutoka jikoni anakwenda kukaa karibu na kitanda, wanazungumza mambo ambayo waliyaficha mmoja kwa mwenzake wakati sisi tunamficha yeye. Nilikuwa nikipita koridoni nasikia sauti zao, sikusikia maneno, sikutaka.

Hakumngoja mtoto. Alikwenda alfajiri, mama akiwa amemshika mkono, mvua za mwanzo zikigonga bati.

Mtoto alizaliwa msiba ukiwa bado mbichi. Wa kiume, mwenye masikio ya baba yaliyochomoza kama vikombe. Walipomleta nyumbani, kaka alifungua kikao. Hakukiita hivyo, alisema tu tukae. Mama alikuwa amempakata mtoto. Kaka hakupandisha sauti, na ndicho kilichoniumiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Alisema alikwenda kwa daktari wa ile hospitali ya mbali kumuuliza kama dripu zingemfikisha baba siku hii. Daktari alisema haahidi, lakini wapo wanaosogezewa siku. "Angempakata," kaka alisema. "Labda mara moja tu. Labda angekuwa hata hamjui. Lakini ningekuwa na hiyo mara moja." Kisha alisema nilivunja neno nililolitoa mbele ya mama, nikamwachia mzee akasome kifo chake, na mzee alipokisoma akakifuata. Alitaka niombe radhi. Siyo mbele ya watu. Hapohapo, kwake na kwa mama, yaishe.

Mama hakuinua macho. "Muombe radhi kaka yako, mwanangu. Neno tu. Halitakuchubua mdomo."

Sijui kama dripu zile zingemsogeza. Hakuna ninayeweza kumuuliza akanijibu. Inawezekana kila alichosema kaka ni kweli. Inawezekana nilimnunulia baba ukweli kwa siku ambazo zingekuwa za mtoto huyu. Nilimtazama mtoto akitafuta kidole cha mama kwa mdomo, na machozi yangu yakaanguka bila ruhusa, na nikaona kaka anayaona, na uso wake ukaanza kulegea, akidhani yametangulia neno.

"Kaka, nakulilia," nilimwambia. "Nalilia na hiyo mara moja yako. Lakini baba aliniuliza akiwa na akili zake timamu, nikamjibu. Angeniuliza leo ningemjibu vilevile. Radhi siombi."